Meno ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Magego, na mwenyewe alishazoea kuitika. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa limelala sandukuni pamoja na cheti chenyewe, na hakuna aliyekuwa na haja nalo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Si kung'oa wala kuziba. Hayo ni ya daktari. Daktari wa meno wa pale mjini alikuwa anachukua umbo la kinywa cha mtu kwa kitu laini kama unga uliokandwa, anamletea Magego, na Magego anamimina jasi ndani yake. Ikiganda, anapata taya jeupe la mtu asiyemjua, analiweka mezani na kuishi nalo mpaka kazi iishe. Kwa hiyo kulikuwa na watu wengi aliowajua kinywa kabla ya kuwajua sura. Akipita sokoni akasikia mtu anacheka kwa nguvu, hugeuka, akatazama, akajisemea moyoni: yale ni yangu. Kisha huendelea na safari yake.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyokuwa anaishi. Dirisha kubwa linatazama barabara, chini yake meza ndefu, na kando rafu zilizojaa mataya ya jasi yamepangwa kama viatu dukani. Harufu ya dawa ya kuchanganyia plastiki ya fizi ilikuwa kali, inaingia kwenye nguo na haitoki hata ufue mara mbili. Kati ya karakana na sebule hapakuwa na mlango. Ulikuwapo zamani, ukaliwa na mchwa, na mkewe akatundika pazia zito la maua, refu hadi sakafuni. "Mlango tutanunua," walisema mwaka ule, na miaka ikapita, na watoto wakakua wakaondoka, na pazia likabaki.

Chombo chake kikuu kilikuwa kimashine cha kushika mkononi, kinene kama gunzi la muhindi, waya nyuma na tundu mbele la kubania kichwa. Vichwa vilikuwa vya namna nyingi: vijiwe vya kusagia, visahani vyembamba vya kukatia, vichwa vya chuma vyenye makali yaliyojipinda, vya msasa, na vya kitambaa vya kung'arishia. Kikiwashwa, hulia kama mbu aliyekasirika.

Jirani yake wa upande wa pili wa barabara alikuwa mchomeleaji, watu wakimwita Fundi Geti, mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Huyo hakuacha kukichokoza kile kimashine.

"Magego, hiyo yako ni ya kutobolea watoto masikio. Vuka barabara ushike grinda ya wanaume."

"Grinda yako inapiga kelele tu. Hii inazunguka mara mbili ya hiyo na zaidi, na haimwambii mtu."

"Ikikukata itakutoa nini? Tone?"

"Basi nitunzie hilo tone."

Fundi Geti akacheka, akarudi kwenye cheche zake.

Kwa sababu ya mashine hiyo watu wa mtaani walimletea kila kitu. Ufunguo usioingia, kifuniko cha sufuria, pete iliyobana. Kuna mmoja alileta kwato la mbuzi lisagwe kidogo, likiwa bado kwenye mbuzi. Magego alikuwa mpole lakini katika mambo hayo alikuwa mkavu. Kichwa cha kusagia plastiki ni cha plastiki, cha kusagia chuma ni cha chuma. Siku moja mtu alimletea kisahani kikubwa cha grinda, akataka kifungwe kwenye kimashine kile ili kazi iende haraka. Magego alimrudishia kisahani chake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Aliyemfundisha hayo alikuwa mama mmoja mnene wa maabara ya hospitali, mwenye rula ya mbao ambayo hakuitumia kupigia mistari. Ukiwasha mashine bila miwani, rula ya vidole. Ukivaa saa au mikono mirefu isiyofungwa vifungo, rula. Ukibadilisha kichwa waya ukiwa bado kwenye soketi, rula mbili, hata kama swichi imezimwa. Magego alipoacha kupigwa ndipo alipojua kwamba kazi ameiva. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa na taratibu zake: anatundika pete ya ndoa kwenye msumari, anafunga vifungo vya mikono, anavaa miwani, anafunika pua na mdomo kwa barakoa, kwa sababu vumbi la fizi za plastiki ni laini na likiingia kifuani halitoki. Glavu hakuvaa, maana kitambaa kikishikwa na kitu kinachozunguka huvuta na kidole. Ukingoni mwa meza kulikuwa na kabari ya mbao iliyofungwa kwa boliti, imejaa makovu. Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipoegemea ukiwa na kazi, ili kichwa kikiruka kikute mbao, si nyama. Na kabla ya kugusa kazi, aliiacha mashine izunguke kidogo peke yake, mbali na uso, akisikiliza. Kichwa kilichopinda hujitaja kwa sauti.

"Unavyojiandaa," mkewe alikuwa akimwambia, "mtu angedhani unakwenda kuwinda simba. Kumbe gego."

Hivyo alivyokuwa Magego kwa miaka yote. Na pengine angeendelea hivyo bila habari ya kusimulia, kama isingekuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Ujana wake wote alikata uzi kwa meno, mkasi ukiwa pale pale karibu, kwa sababu ya haraka, na meno yakalika, yakaanza kuuma, yakang'olewa moja moja mpaka yakaisha. Kwao alishatengenezewa meno mara moja na mtu mwingine, yakamchubua, akayaweka kabatini ndani ya kikombe, na huko yakabaki. Tangu hapo aliishi kwa uji, ndizi zilizopondwa, na mkate uliolowekwa kwenye chai. Mwili ulikuwa unapungua kama sabuni. Alipokuja kumtembelea binti yake mwaka huo, mke wa Magego alimkumbatia mlangoni, kisha akaenda jikoni akalia peke yake, maana mikononi aliona anashika mifupa.

"Safari hii haondoki bila meno," alimwambia mumewe. "Na yasipomkaa, yatakwenda kukaa na wenzake kabatini. Unamjua."

Magego alimjua. Na ugumu ulikuwa hapo. Mama mkwe alikuwa na heshima ya kizamani, na mbele ya mkwewe heshima hiyo iliongezeka mara dufu. Hakuwahi kula meza moja naye. Akizungumza naye hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio na kutazama ukuta. Magego naye, akimsalimia, hutazama sakafu. Kwa miaka yote ya ndoa yake watu hao wawili walipendana sana kupitia ukuta na sakafu.

Kwa daktari alikubali kwenda, kwa kuwa daktari ni mwanamke na si mkwe. Umbo likachukuliwa. Magego akafanya kazi ambayo hakumfanyia mtu mwingine yeyote. Alichagua meno yenye rangi ya umri wake, si yale meupe ya kuchekesha, akayapanga kwenye nta, akayapangua, akayapanga tena. Yalipomalizika alisugua kila pembe na kupitisha kidole gumba polepole, maana kidole gumba kitupu huona mkwaruzo ambao jicho halioni.

Kawaida kuyajaribisha kinywani ni kazi ya daktari. Lakini daktari alikuwa ameondoka kwenda kwenye mafunzo, arudi wiki inayofuata, na mama mkwe alikuwa ameshakata tiketi ya basi la kesho yake asubuhi. Hakupenda kukaa siku nyingi kwa mkwe. Alisema mtu akikaa sana kwa mkwe huanza kuzoeleka.

"Basi mwambie aje hapa dirishani kwenye mwanga nimtazame," Magego alimwambia mkewe. Ilikuwa mchana umeanza kuegemea jioni.

Mkewe akapita kwenye pazia, akarudi.

"Anasema bora afe na uji."

"Nitafanyaje kazi bila kuona kinywa?"

"Anasema mimi nitakuwa macho yako."

Ndivyo walivyoanza. Mama mkwe amekaa sebuleni kwenye kiti, uso ameelekeza kwenye pazia. Magego yuko mezani kwake upande wa pili. Mkewe katikati, anabeba meno ya chini kwenye kisahani na kuyarudisha, kama mhudumu wa hoteli. Ya juu yalikaa vizuri tangu mwanzo; kila ya chini yalipotoka kusagwa, mama mkwe aliyavua nayo akayaweka magotini. Ya chini ndiyo yenye kesi.

"Anasema ahsante sana, yamekaa barabara," mkewe alileta taarifa ya kwanza.

"Alhamdulillahi."

"Muongo. Machozi yanamtoka."

"Panauma wapi?"

Akaenda, akarudi. "Huku," akajigusa shavu la kulia.

"Kulia kwake au kulia kwako?"

"Kwani kulia ziko ngapi?"

"Mama watoto, wewe umemtazama uso kwa uso. Alivyojigusa, mkono ulikuwa upande gani?"

Mkewe alifikiri. "Upande wa kabati la vyombo."

Magego alipumua ndani ya barakoa, miwani ikafanya ukungu. Akachukua upande wa kulia, akaegemeza mkono kwenye kabari, akasaga kidogo, akazima, akafuta vumbi, akatoa. Mkewe akaenda. Kisha ikasikika sauti ya mama mkwe, ya chini, ya heshima, kama mtu anayeomba chumvi: "Mwambie bado kidogo, asijisumbue."

Ikaja kubainika kwamba ulikuwa upande wa kushoto. Basi kulia kumesagwa bure, na plastiki ikishasagwa hairudi. Kuirudisha ni kuchanganya upya na kusubiri igande. Akasaga kushoto, nyuma. "Bado." Akasaga kushoto, mbele kidogo. "Anasema bado, lakini vizuri zaidi." "Vizuri zaidi au anaona haya?" "Anaona haya." Meno yale ya chini yakaanza kucheza. Magego aliyasikia yakigonga kila mkewe alipoyavalisha, kak, na kila kak ilimwingia kifuani. Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa inaharibika mikononi mwake, kidogo kidogo, kwa kubahatisha. Kesho basi litaondoka, na meno yatakwenda kabatini.

Hapo ndipo alipoanza kuacha mambo. Hakuyaacha yote kwa pamoja, na ndiyo maana hakujiona. Kwanza miwani: ilikuwa inafanya ukungu kwa jasho, akaisukuma juu ya paji la uso. Kisha akaona kwamba kutoka mezani hadi kwenye pazia ni mwendo mrefu mno, akavuta waya, akasimama pale pale mlangoni, nusu bega limeshika pazia. Kabari ikabaki mezani. Meno akayashika kiganjani, mkono ukiwa hewani. Kisha akaona kijiwe kinakwenda polepole, akakitoa na kufunga kichwa cha chuma chenye makali, na waya ukiwa kwenye soketi. Yule mama wa rula angekuwa hai angevunja rula nzima.

"Muulize," alisema, "akifunga kinywa panauma au akifungua?"

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie akisema."

"Akisema nini?"

"Nikisema! Nikisema chochote!"

Magego alikuwa anasikiliza kwa sikio moja na kusaga ukingo kwa macho nusu. Kichwa cha chuma kilifika mwisho wa ukingo, kikashika pembe, kikapanda. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Kikaruka juu ya meno, kikapita chini ya kidole gumba cha kushoto, na Magego alihisi baridi tu, si maumivu. Akaachia mashine.

Mashine ile swichi yake ni ya kusukuma. Ukishaiwasha inabaki imewaka. Ikaanguka sakafuni ikiwa inazunguka, ikagonga, ikakimbia huku na huku ikiburuta waya wake kama panya aliyekanyagwa mkia. Magego akaruka upande, meno bado ameyabana kwenye ngumi. Mashine ikageuka, ikaingia chini ya pazia, na pazia likaishika. Au niseme, yenyewe ikalishika pazia. Kitambaa kilijisokota kwenye kile kichwa kwa kasi ambayo hakuna mkono ungeweza kuizuia, maua yakamezwa moja moja kutoka chini kwenda juu, mashine ikapanda nalo, na mara fimbo ya juu ikang'oka na misumari yake, vumbi la ukuta likamwagika, na kitu kizima kikaanguka kwa kishindo katikati ya vyumba viwili.

Na hapo, katikati ya mwanga wa dirisha, mbele ya Magego, alikuwa mama mkwe, amesimama, mtandio umeanguka mabegani, meno hana, kinywa amekifungua chote.

"Fomoa!" alipiga kelele. "Fomoa waya! Mbona mnafangaa! Fomoa!"

Maisha yake yote amekaa na cherehani. Alijua kitambaa kikishikwa na gurudumu, huvuti kitambaa. Unakata nguvu. Mkewe Magego alikuwa ameshainama alivute pazia, akaacha, akakimbilia soketi, akachomoa. Mashine ikatoa mlio wa mwisho, ikanyamaza.

Kisha damu ya Magego ikaanza kudondoka kwenye maua ya pazia.

Mama mkwe hakuuliza ruhusa ya mtu. Alivuka pazia, akamshika mkwewe kifundo cha mkono, mtu ambaye hakuwahi hata kumpa mkono, akamvuta mpaka kwenye bomba la jikoni, akaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, huku akigomba kwa maneno yasiyo na meno. Kati ya yale maneno Magego aliyaelewa machache: mjinga, miwani, macho, binti yangu, mjane.

"Kaza hapa," alimwambia, akifunga kwa kitambaa safi. "Kaza! Inua juu mkono. Unatazama nini sakafuni? Kuna nini sakafuni?"

"Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Umeshakiona kinywa. Kiko hivi. Sasa twende hospitali."

Walikwenda zahanati ya karibu, wote watatu kwa miguu, Magego katikati ameinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Muuguzi alikuwa kijana mcheshi. Alifungua kitambaa, akakunja uso.

"Umeumwa na nini, mzee?"

"Meno," alisema Magego.

"Ya nani?"

"Yangu," alijibu mama mkwe, akiwa bado hana hata moja, na muuguzi akatazama kinywa, akatazama kidonda, akaamua kutouliza zaidi. Alimshona. Mshipa ulikuwa mzima, kidole kinakunjika. Ingekuwa kidogo kushoto, alisema, tungekuwa tunazungumza mengine.

Fundi Geti alikuwa amesimama nje ya karakana waliporudi. Habari za mtaani hazisubiri mtu afike.

"Kumbe ile ya kutobolea masikio imekula mkono!"

"Imekula na pazia," alisema Magego.

Fundi Geti alitaka kuongeza neno. Kisha akaona mtu amechoka, akaacha. Baadaye alikuja na drili yake akarudisha misumari ya ukutani. Mkewe Magego aliona amevaa miwani, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Basi la asubuhi liliondoka bila mama mkwe. Alisema hawezi kumwacha mgonjwa. Binti yake akasema mgonjwa ana mke. Mama mkwe akasema mke ndiye aliyekuwa anabeba sahani.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla hata ya chai, alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kiti cha dirishani, akakunja mtandio akauweka magotini, akafungua kinywa.

"Njoo utazame. Usitazame ukuta, ukuta hauna fizi."

Magego alinawa mkono wake mzima, akapiga moyo konde, akatazama. Alikuwa ametazama mataya ya mji mzima kwa jasi, lakini kinywa chenye pumzi, cha mtu anayemheshimu, kilikuwa kitu kingine. Mwanzo macho yalitaka kukimbia. Kisha ufundi ukashinda haya. Akamwomba aseme neno lolote.

"Neno gani?"

"Hilo hilo, Mama. Tena."

Na hapo akaona. Upande wa kushoto, kati ya shavu na fizi, palikuwa na kijinyama chembamba kama uzi. Kila mtu anacho. Kwa mama mkwe kilikuwa kimeshuka chini kuliko kawaida, na alipokuwa anasema kilinyooka na kukutana na ukingo wa meno, ukakikwaruza. Akinyamaza, hakuna maumivu. Akisema, panawaka moto. Si nyuma, si mbele, si kule kote alikosaga kwa kubahatisha. Palitakiwa kitobo kidogo tu ukingoni, upana wa ncha ya kucha, uzi ule upate pa kupita.

"Mwanamke mwenye adabu ataelezaje hilo nyuma ya pazia?" alisema Magego, bila kujua kwamba amesema kwa sauti.

"Hawezi," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana nilikuwa nasema ahsante."

Alianza kwa kurekebisha yale aliyoyaharibu. Akachanganya plastiki, akajazia upande wa kulia, akaacha igande kwa wakati wake. Ilipokuwa tayari akataka kuendelea, na mama mkwe akiwa bado kitini, macho kwenye mikono yake kama anayemwangalia mwanafunzi wa cherehani.

"Miwani."

Akavaa.

"Na hicho kitambaa ulichofungwa mkononi? Uzi unaning'inia. Unataka kwenda tena kwa yule kijana?"

Ilikuwa kweli. Bendeji ilikuwa imechomoza nyuzi pembeni, na Magego, mtu wa miaka yote hiyo, hakuwa ameifikiria. Mkono ule usingeweza kukaribia mashine. Akafikiri. Kisha akakata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akavitia kwenye midomo ya vaisi, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani, akabana meno humo taratibu, yasivunjike na yasisogee. Mkono wa kushoto akautia mfukoni.

"Uache humo," alisema mama mkwe.

Mashine ilikuwa imeshatolewa nyuzi za pazia, na waya bado ulikuwa mezani, haujachomekwa. Akachagua kijiwe kidogo kuliko vyote, akakifunga, akakikaza kwa ufunguo wake, akautoa ufunguo, ndipo akachomeka. Akaiwasha mashine mbali na uso, akaisikiliza. Ililia sawa. Akagusa ukingo, akainua. Akagusa, akainua. Hakusukuma, aliiacha ile kasi ifanye kazi yenyewe. Kisha akazima, akangoja mpaka kichwa kisimame kabisa, akaiweka chini, akachomoa waya, ndipo akapitisha kidole gumba cha kulia kwenye kile kitobo. Laini.

Mama mkwe akayavaa. Akafunga kinywa. Akakifungua. Akasema salamu, akasema jina la binti yake, akasema majina ya wajukuu wote kwa zamu, akimsubiri yule wa kumuuma. Hakumuuma hata mmoja. Akashika shavu.

"Hamna kitu," alisema, kwa mshangao, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Magego alikuwa amevua miwani anaifuta, na alichukua muda mrefu kuifuta.

Mchana ule waliweka meza moja. Haikupangwa; pazia halikuwapo, sebule na karakana zimekuwa chumba kimoja, na mtu angejitenga wapi? Mkewe Magego alipika nyama, na kwa mazoea akamwekea mama yake sahani ya viazi vilivyopondwa na mchuzi juu. Mama mkwe aliisukuma pembeni, akachukua pande la nyama, akatafuna. Wote wawili waliacha kula, wakimtazama. Alitafuna upande wa kushoto. Akahamia wa kulia. Akatafuna muda mrefu, mpaka binti yake akaanza kupata wasiwasi.

"Mama, panauma?"

Mama mkwe akameza.

"Hapaumi. Ila mwanangu, nyama yako ngumu. Miaka yote nakula mchuzi wako tu, nakusifia, sijui kumbe nyama yenyewe unaipika hivi." Akamgeukia Magego, uso kwa uso, kinywa wazi. "Na wewe baba, unaila kila siku na hujasema neno?"

Magego alitazama sakafu kidogo, kwa mazoea. Kisha akainua macho.

"Nilikuwa naona haya, Mama," alisema, na akachukua pande lingine akamwekea.